Mbega, Kima Punju na Lami: Mwongozo wa Kupunguza Vifo vya Barabarani, Kuanzia Daftari Hadi Daraja la Kamba

Mbega hakuumbwa kutembea chini. Hana kidole gumba, mwili wake ni wa kuruka tawi kwa tawi, na akishuka kwenye lami hukimbia kwa kudundadunda, mkia nyuma, macho yakiangalia mti wa upande wa pili. Gari halioni. Huko Diani, pwani ya kusini ya Kenya, barabara ya ufukweni imepasua msitu uliobaki, na mbega, kima, tumbili na komba wanaivuka kila siku. Unguja nako, barabara iendayo kusini-mashariki inapita kando ya msitu wa Jozani, makazi ya kima punju ambaye hapatikani popote duniani ila Zanzibar. Hesabu kubwa ya kisiwa kizima ilikuta kima punju zaidi ya 5,800. Kwa mnyama anayezaa mtoto mmoja na kumlea muda mrefu, kupoteza mmoja kila baada ya wiki chache kwenye kipande kile kile cha barabara ni pigo.

Mwongozo huu ni wa kamati ya kijiji, mtaa, chama cha mahoteli au kikundi cha vijana walioamua kufanya jambo. Mfano mkuu ni wanyama wa mitini kama mbega na kima, lakini hatua za kuhesabu na za kupunguza mwendo zinafaa hata kwa swala, kobe au fisi.

Jambo moja kabla hatujaanza. Karibu kila kikundi hutaka kuanza na daraja la kamba, kwa sababu linapendeza kwenye picha na mfadhili huliona. Utaratibu unaookoa wanyama wengi ni huu: daftari kwanza, mwendo wa magari pili, matawi tatu, daraja mwisho.

Hatua ya 1: Hesabu wanaokufa, na uandike wapi

Miezi 6 ndiyo muda mdogo kabisa. Mwaka mzima ni bora, ili ushike masika, vuli, na msimu wa wageni ambapo magari huongezeka. Igaweni barabara vipande vya mita 100. Msitumie maneno kama "karibu na duka la fulani", maana duka huhama. Tumieni namba zilizopakwa kwenye nguzo za umeme, mawe ya kilomita, au GPS ya simu.

Mtu mmoja apite kila siku kunapopambazuka, kwa miguu au baiskeli. Kupita kwa gari hakufai: komba aliyekandamizwa hufanana na kipande cha tairi. Na kuchelewa hakufai pia, kwani kunguru na mbwa huanza kazi mapema, na mzoga mdogo unaweza kutoweka kabla ya saa 3 asubuhi. Hii ndiyo sababu kubwa ya hesabu nyingi kuwa ndogo kuliko ukweli.

Kwa kila mzoga andikeni tarehe na saa, namba ya kipande, aina ya mnyama, jinsia, na umri kwa makundi matatu tu (kitoto, kijana, mzima). Andikeni hali ya mwili: bado una joto, umekakamaa, umevimba, au imebaki ngozi. Hali hiyo inawaambia kama aligongwa usiku, alfajiri au jana yake. Kisha safu ambayo wengi huisahau: kuna nini pande zote mbili za barabara pale alipofia? Mwembe wenye matunda? Jalala? Matawi yaliyokatwa karibuni? Piga picha mbili, moja ya mnyama pamoja na kitu cha kipimo kama kalamu, nyingine ya barabara ukitazama anakotokea dereva.

Kikundi cha WhatsApp cha madereva wa bodaboda na walinzi wa mahoteli kitawaletea taarifa nyingi. Ziingizeni kwenye safu ya pekee. Zikichanganywa na matembezi ya kila siku, mwaka wa pili hamtajua kama vifo vimepungua au watu wamechoka kutuma ujumbe.

Sambamba na hilo, hesabuni walio hai. Watu wawili wakae mahali pamoja saa 12 hadi 3 asubuhi, na saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, waandike kila anayevuka: chini au juu, kutoka mti gani kwenda mti gani. Siku tano kwa kila eneo linaloshukiwa zinatosha kuona njia. Wanyama hawa wana mazoea kama watu wanaokwenda sokoni. Kundi moja hutumia mti ule ule wa kuvukia mwaka baada ya mwaka.

Mwishowe paka vipande vyote kwenye ramani moja. Kwa kawaida vifo havitawanyiki sawasawa. Vipande vichache hubeba sehemu kubwa ya hesabu. Hapo ndipo fedha ziende.

Hatua ya 2: Jua barabara ni ya nani

Kenya barabara inaweza kuwa ya KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini), KeRRA (za vijijini) au kaunti. Tanzania Bara ni TANROADS (barabara kuu na za mikoa) au TARURA (za vijijini na mijini). Zanzibar mazungumzo huanza na wizara yenye dhamana ya ujenzi, na kwa Jozani idara ya misitu lazima iwepo mezani. Upande wa wanyama, Kenya ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Ulizeni kwa maandishi, mpate jibu kwa maandishi. Kikundi kinachopeleka barua ofisi isiyohusika hupoteza miezi.

Barua nzuri ni ya kurasa mbili: ramani, jedwali la vifo kwa vipande vya mita 100, ombi moja lililo wazi (mfano matuta matatu kati ya nguzo namba fulani na fulani), na mhuri wa serikali ya kijiji au mtaa. Picha za mizoga wekeni mbili, zinatosha. Ongezeni ajali za watoto wa shule na waenda kwa miguu kwenye kipande hicho kama mnazo. Mhandisi anayesitasita kujenga tuta kwa ajili ya kima hasiti kulijenga kwa ajili ya mtoto, na tuta ni lile lile.

Hatua ya 3: Punguza mwendo

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Dereva huchukua kama sekunde moja na nusu kutoka kuona hadi kukanyaga breki. Akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, muda huo peke yake unakula mita 33. Kwenye lami kavu na breki nzuri gari huhitaji mita 35 nyingine kusimama. Jumla 68. Kwenye kilomita 40 kwa saa, jumla ni kama mita 25. Kima anayeshuka kutoka mtini humpa dereva onyo la mita 30 hivi, pengine pungufu. Kwa mwendo wa 80 hakuna ujanja wa usukani unaosaidia, na kwa 40 dereva wa kawaida anasimama.

Jozani imeonyesha hili waziwazi. Kabla ya matuta, kima punju aliripotiwa kuuawa kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya matuta, ikawa mmoja kila baada ya wiki sita hivi. Vifo havikuisha, lakini kifaa cha zege na lami kisichohitaji betri wala mlinzi kilipunguza zaidi ya nusu.

Tuta linalofaa ni la mviringo, urefu wa mita 3.7 kwa mwelekeo wa safari na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Tuta fupi na kali la sentimita 50 huharibu magari ya chini, humwangusha mwendesha bodaboda usiku, na huzua malalamiko hadi libomolewe. Matuta yawe mfululizo. Moja peke yake hufanya dereva apunguze, avuke, kisha akanyage mafuta kulipiza muda. Yakiwa umbali wa mita 80 hadi 120, hakuna nafasi ya kuchangamka katikati. Kabla ya tuta la kwanza, omba mistari ya kutetemesha, ile ambayo Tanzania huitwa rasta, na bango la onyo mita 50 kabla, na rangi ya kuakisi inayopakwa upya kila mwaka.

Angalia kingo. Mafundi huacha nafasi pembeni ya tuta ili maji ya mvua yapite, na bodaboda nao hupita hapo hapo bila kupunguza. Nafasi ya sentimita 20 inatosha maji na haimtoshi pikipiki.

Msijenge tuta lenu wenyewe kwa udongo, magogo au kamba ya meli iliyozikwa. Ni kosa kisheria, na akifa mtu juu yake kazi yote ya kikundi imekwisha.

Mabango ya kuonya peke yake husaidia kidogo na kwa muda mfupi: baada ya wiki mbili dereva wa kila siku hayaoni tena. Hupata nguvu kidogo yakihamishwahamishwa, au yakitaja gharama. Mikumi, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakata hifadhi kwa kilomita 50, kuna bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama, na abiria hulisoma kwa sauti kubwa kuliko dereva. Kikao cha nusu saa na viongozi wa sacco (ushirika wa wenye matatu) au kituo cha daladala, mkiwa na ramani yenu mkononi, kina thamani ya mabango kumi.

Hatua ya 4: Ondoa kinachowaita barabarani, linda kinachowavusha bure

Miti inayogusana juu ya barabara ni daraja lisilo na gharama. Kabla ya wakata matawi wa barabara au wa umeme kufika, tembeeni na ramani mkaweke alama ya rangi kwenye matawi ya kuvukia, kisha mzungumze na msimamizi wao: wapandishe matawi ya chini hadi mita 6 kutoka lami, waache ya juu. Tawi moja likikatwa kwa dakika tatu, litachukua miaka kurudi, na ndani ya wiki hiyo hiyo kundi litaanza kushuka chini.

Msipande miembe, mikungu wala mifenesi ukingoni mwa barabara. Mti wa matunda hapo ni chambo. Uwe ndani, mita 20 au zaidi. Ukingoni pandeni miti ya asili yenye kichwa kipana ili siku moja matawi yakutane.

Taka nazo: pipa la hoteli lisilo na mfuniko, maganda ya ndizi yanayotupwa dirishani, wageni wanaosimamisha gari kulisha tumbili. Mnyama aliyelishwa kutoka dirisha la gari hujifunza kulingoja gari.

Hatua ya 5: Daraja la kamba

Sasa daraja. Diani madaraja haya yanaonekana juu ya barabara ya ufukweni, ya muundo wa ngazi iliyolazwa, kazi iliyoanzishwa na shirika la Colobus Conservation lililoanza 1997 kwa jina la Wakuluzu. Mbega, kima na tumbili huyatumia. Nyani mkubwa wa ardhini hupenda kupita chini, kwa hiyo kama ndiye anayekufa kwenu, rudini hatua ya 3, daraja halitamsaidia.

*Mahali.* Lifungwe pale ambapo hesabu yenu ya walio hai inaonyesha wanavuka, hata kama miti ya mita 50 mbele ni mizuri zaidi. Kosa la kwanza la madaraja yasiyotumika ni hili: yalifungwa palipokuwa rahisi kwa fundi.

*Umeme.* Tazameni juu kabla ya kutazama mti. Nyaya za umeme zisizo na ngozi huua mbega wengi Diani, na daraja linaloishia kwenye mti unaogusa waya ni mtego. Kama kuna waya ambao mnyama anaweza kuufikia kwa kuruka kutoka mti wowote wa daraja, simamisheni kazi hadi shirika la umeme (Kenya Power, TANESCO, au ZECO kwa Zanzibar) wakate matawi na kufunika waya. Msikate wenyewe matawi yaliyo karibu na umeme.

*Miti.* Inahitajika miwili iliyo hai, isiyo na uvungu, yenye shina la angalau sentimita 30 pale kamba itakapofungwa, na matawi imara ambayo tayari yana njia: magome yaliyong'aa, kinyesi chini. Mwembe mkubwa, mkwaju, mbambakofi, mvule ni mizuri. Mnazi haufai; hauna matawi ya kumpokea mgeni. Pasipo miti, tumieni nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa. Nguzo ya mita 12 ifukiwe mita 1.8, ishikiliwe na waya wa kuivuta nyuma, na kamba ya kuongoza itoke kwenye nguzo hadi kwenye mti wa karibu, vinginevyo ni daraja la kwenda hewani.

*Kimo.* Sehemu ya chini kabisa ya daraja, katikati, likiwa limelowa na kubeba mzigo, iwe mita 6 juu ya lami au zaidi. Kuna siku lori la makuti litapita.

*Vifaa kwa nafasi ya mita 18 kati ya miti:*

Kamba ya poliesta ya milimita 12 hadi 14, mita 60, ambayo ni mita 27 kwa kila upande pamoja na ya kufungia na akiba kidogo. Poliesta huvumilia jua. Nailoni hunyonya maji na kurefuka, daraja likashuka. Kamba ya plastiki ya rangi ya buluu ya dukani huanza kuwa unga juani kabla ya miaka miwili. Waya wa chuma unafaa nafasi ndefu, lakini karibu na bahari waya wa kawaida hata uliopakwa zinki huoza kutoka ndani, na waya wowote hupitisha umeme.

Bomba jeusi la maji la milimita 32, lile linalouzwa kwa rolo, mita 26. Mtakata vidato 60 vya sentimita 40. Msitumie bomba la rangi ya kijivu la maji machafu. Jua hulifanya likatike kama biskuti.

Uzi wa nyavu wa milimita 3 hadi 4, mikanda minne ya upana wa sentimita 5 ya kuzungushia miti, vipande vya tairi kuukuu vya kuweka kati ya mkanda na gome, na shakeli nne (pingu za chuma za kuunganishia kamba na mkanda) za chuma kisichoshika kutu.

*Kutengeneza.* Fanyeni chini, kivulini. Nyoosheni kamba mbili sambamba, umbali wa sentimita 30. Kila kidato kitobolewe matundu mawili ya milimita 14 au 15 kulingana na kamba, kila tundu sentimita 5 kutoka ncha. Pitisheni kamba, kisha kidato kishikwe kwa uzi wa nyavu uliozungushwa juu na chini ya tundu na kufungwa fundo la nyavu. Mvuvi yeyote wa pwani analijua na atalifunga haraka kuliko fundi wa mjini. Umbali wa kidato hadi kidato ni sentimita 30. Kidato kisichofungwa vizuri huteleza, vinarundikana upande mmoja, na mama aliyebeba kitoto kifuani hukuta pengo la mita katikati ya barabara.

*Kulegeza.* Hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa nia njema. Daraja lililokazwa kama kamba ya kuanikia nguo hupendeza, na ndilo linalokatika. Tuseme kima wazima watano wapo katikati kwa pamoja, kilo 50 hivi. Daraja likiwa limelegea sentimita 90 katikati ya mita 18, mvuto kwenye kamba na miti kutokana na mzigo huo ni kama kilo 250. Likilegea sentimita 20 tu, mvuto unapanda hadi kilo 1,100 na zaidi. Ongeza upepo wa kusi unaoyumbisha miti miwili kila mmoja upande wake. Kamba mpya ya milimita 12 huhimili zaidi ya tani 2, lakini fundo hupunguza karibu nusu, na jua hupunguza kila mwaka. Kulegea kuwe asilimia 5 ya nafasi: mita 18, sentimita 90, mita 12, sentimita 60.

*Kufunga.* Saa 6 hadi saa 9 mchana, wanyama wanapopumzika. Askari wa barabarani awepo, na watu wawili wenye vizibao vya kuakisi na bendera, kila mmoja mita 100 kutoka kazini. Anayepanda awe na mshipi wa usalama na kofia ngumu. Mkwezi wa minazi ni stadi kwa kazi yake, lakini hapa mtu atakaa juu saa nzima akitumia mikono yote miwili, na bila mshipi hilo haliruhusiwi hata kama mwenyewe anacheka.

Zungusheni vipande vya tairi shinani, kisha mkanda, kisha shakeli, kisha kamba. Kamba isiguse gome. Kama mnatumia waya wa milimita 8, kila kitanzi kipate klipu tatu za umbo la U zenye nafasi ya sentimita 5; ile U ikae juu ya ncha fupi isiyobeba mzigo, na tandiko la klipu likae kwenye waya mrefu unaobeba. Zikigeuzwa, U huukata waya pole pole. Kazeni tena baada ya siku moja, waya ukishakaa.

Ncha za daraja ziingie ndani ya matawi. Mnyama asilazimike kuruka zaidi ya mita moja kutoka kidato cha mwisho hadi tawi linalombeba. Pasipo tawi hapo, fungeni kamba mbili za ziada kama vidole, kila moja ikielekea tawi lake.

*Msiweke chambo.* Ndizi darajani zitawaleta tumbili, ambao watapigana, waanguke barabarani. Mbega naye ni mla majani. Tumbo lake halikutengenezwa kwa matunda matamu. Waacheni. Makundi mengine huvuka wiki ya kwanza, mengine hukaa miezi yakilitazama.

Hatua ya 6: Anapogongwa

Iwekeni namba ya daktari wa wanyama na ya ofisi ya wanyamapori kwenye bango la kituo cha bodaboda, kwa herufi kubwa.

Akiwa amekufa, mtoeni barabarani haraka kwa koleo. Wenzake hushuka kumtazama, kumvuta, na kifo cha pili kinaweza kutokea muda mfupi baada ya cha kwanza. Mpelekeni mita 20 ndani, siyo ukingoni, la sivyo kunguru na mbwa watakaokuja kula nao watagongwa. Nyama wala ngozi haichukuliwi. Ofisi ya wanyamapori ijulishwe.

Kabla ya kumwinua jike mzima, mgeuzeni kwa upole mtazame kifuani. Kitoto cha mbega huzaliwa cheupe kabisa, na mama akifa hubaki kimemkumbatia kimya, uso ndani ya manyoya. Watu wengi humfukia mama bila kukiona. Msikibandue. Vidole vyake hushika kwa nguvu kuliko mnavyodhani, na mtavunja mkono. Wafunikeni wote wawili kwa taulo, muwaweke kwenye sanduku la katoni lenye matundu, gizani, kimya, na muwasafirishe hivyo hivyo hadi kwa daktari.

Aliyejeruhiwa na bado hai hang'ang'aniwi kwa mikono mitupu. Glovu za ngozi, taulo zito juu ya kichwa ili asione, kisha sanduku. Hapewi maji mdomoni, wala chakula, wala picha za karibu. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Hatua ya 7: Kulitunza

Daraja ni kama mtumbwi, linaanza kuchakaa siku linapoingia kazini. Kila miezi mitatu mtu alitazame kwa darubini: vidato vyote vipo, kulegea hakujaongezeka, hakuna mtambaazi uliopanda kuelekea nyaya. Baada ya upepo mkali, siku hiyo hiyo. Mara moja kwa mwaka mtu apande, ashike kamba kwa mkono: ikiacha unga mweupe kiganjani au nyuzi za nje zimesimama kama manyoya, ibadilishwe. Msisubiri zaidi ya miaka mitano hata kama inaonekana nzima. Tengeni fedha za kubadilisha siku ile mnayonunua ya kwanza, katika akaunti yake, kwa sababu mfadhili wa daraja jipya hupatikana, na mfadhili wa kamba ya kubadilisha hapatikani.

Kamera ya mtego (inayojipiga yenyewe mnyama akipita) kwenye ncha moja, ikitazama urefu wa daraja na kuipa jua mgongo, itawaambia nani anapita na saa ngapi. Matawi madogo mbele ya lenzi yaondolewe, vinginevyo mtakuwa na picha elfu mbili za jani.

Lakini kipimo cha kweli ni daftari la hatua ya 1. Endeleeni kutembea kila asubuhi kwa njia ile ile, saa ile ile, miezi 12 baada ya kazi, kisha linganisheni vipande vilivyowekewa tuta au daraja na vile ambavyo havikuguswa. Vifo vikipungua kote kwa pamoja, pengine ni msimu mbaya wa utalii tu. Vikipungua pale penu na kubaki pale pale kwingine, ombi la tuta linalofuata linajiandika lenyewe. Na vikihamia kipande cha jirani, maana yake mmewasukuma wanyama au madereva wanaongeza mwendo mara baada ya tuta la mwisho. Kaeni hapo asubuhi mbili na daftari mjue ni lipi.

Mikanda ya mitini ilegezwe kila mwaka, kabla ya masika. Mti wenye afya hunenepa, na mkanda uliosahaulika huzama ndani ya gome hadi kuufunga mti koo.